Pikipiki Inayotikisa Kichwa: Safari Yetu ya Tororo na Busia

Likizo iliyopita wengi mlituuliza: wale walimu wawili wa darasa la tano wameenda wapi, mbona mlango wao umefungwa siku tano? Leo tunawajibu. Tulienda Tororo, halafu Busia, na sababu ilikuwa pikipiki.

Msicheke kwanza. Pikipiki yenyewe ni ya ndugu yetu tuliyesoma naye hapa hapa, tangu darasa la kwanza chini ya mti mpaka kidato cha nne. Yeye hakupenda ualimu wa kujitolea kama sisi. Alienda Tororo, akachukua pikipiki ya mkopo, akawa dereva wa bodaboda. Kila wiki analipa deni, kinachobaki anakula, na kidogo anamtumia mama yake hapa kambini. Mama huyo ana watoto wengine watatu, na karo ya wawili ilikuwa inatoka kwenye pikipiki hiyo.

Basi miezi miwili ikapita bila pesa kutumwa. Akipigiwa simu anasema, "Mama, ni sawa tu, biashara imelala." Mama mtu hakuridhika. Akaja kwetu jioni akiwa na kiroba cha maharage, akasema: "Walimu wangu, nyinyi ndio mliomwambia mwenzenu achukue hiyo pikipiki. Nendeni mkaone kuna nini. Kama inamuua, mwambieni airudishe kwa wenyewe, aje nyumbani."

Neno hilo lilituchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Sisi ndio tuliomshauri. Tuliiona kwenye picha ya simu, tenki linang'aa, tukasema, "Chukua, ni nzuri." Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kitu kuhusu pikipiki. Tukafunga safari.

NJIA YA TORORO

Tuliondoka Bweyale alfajiri kwa basi la Kampala. Kampala tukabadilisha, tukapanda takisi ya kwenda mashariki: mashamba ya miwa ya Lugazi, msitu wa Mabira, halafu Jinja, ambako tulivuka Nile juu ya lile daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018. Kutoka hapo ni Iganga, kisha Bugiri. Mbele ya Bugiri barabara inagawanyika. Tawi moja linakwenda Busia, jingine linakwenda Tororo na Malaba. Malori ya mizigo yanayotoka Mombasa yanapita huko usiku na mchana.

Tororo unaiona kabla hujafika. Ule mwamba wake umesimama peke yake katikati ya tambarare, juu zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Hata watu wa upande wa Kenya wanauona siku mbingu zikiwa safi. Mmoja wetu alipouona akanyamaza. Baadaye akasema, "Huu ndio nilikuwa nauota, nikadhani ni kitu cha ndoto tu."

Wasomaji wetu wa kutoka Kenya mtaelewa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 maelfu ya watu wetu walikimbia kupitia Busia na Malaba, na wengi tulipokelewa kwenye kambi ya muda ya Mulanda, hapo hapo wilayani Tororo, kabla ya kuletwa Kiryandongo mwaka 2008. Sisi tulikuwa watoto wa miaka mitano na sita. Tunachokumbuka ni hema, foleni ya uji, na radi. Mtu wa Tororo atakuambia radi za kwao hazina mfano, na sisi hatumbishii.

Tuliposhuka stendi tukamsikia kondakta anaita, "Mulanda! Mulanda! Mbili tu zimebaki!" Anaita kama mtu anayeita Bweyale au Masindi. Tukatazamana. Kwetu lilikuwa jina la hema na radi, kumbe kwa wenyeji ni kituo cha kushuka tu, watu wanakwenda na kuku na sukari zao.

TULICHOKIKUTA

Ndugu yetu alitupokea anachechemea. Hakuwa amemwambia mama yake. Wiki saba zilizopita, mvua ikinyesha, alikuwa amembeba mama mmoja na mtoto mgongoni kwenye barabara ya Malaba. Lori likamkaribia kwa nyuma. Akalegeza mkono wa mafuta ili apunguze mwendo, na hapo usukani ukaanza kutikisika kushoto na kulia, haraka haraka, kama mbwa anayejikung'uta maji. Yeye kwa hofu akakanyaga breki kwa nguvu. Wakaanguka pembeni. Mama na mtoto walipata michubuko tu, Mungu mkubwa. Yeye goti lilivimba.

"Tangu siku hiyo," alituambia, "nikibeba mtu najisikia kama nabeba deni lingine."

Lakini alikuwa ameshahangaika nayo. Fundi wa kwanza alisikia inagonga "ko, ko" mbele ikipita kwenye shimo, akaikaza nati ya shingo ya usukani mpaka ikagoma kukazika. Kugonga kukaisha. Ila sasa pikipiki ikawa inayumba kama mlevi hata kwenye mwendo wa polepole. Fundi wa pili akasema ni tairi, akauziwa tairi jipya la mbele. Haikupona. Fundi wa tatu akasema foki zote mbili zimekufa, leta shilingi laki tatu. Hapo pesa ikaisha, na deni la wiki mbili likabaki. Wenye pikipiki walimpa mpaka Jumatatu, wasipolipwa wanakuja kuichukua.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Tukampa ujumbe wa mama: rudisha, njoo nyumbani. Hakukasirika. Aliangalia ile pikipiki muda mrefu, akasema kuna fundi mmoja Busia, mzee, madereva wanamsifu kwamba haanzi na kuuza, anaanza na kuuliza. "Nikitoka kwake bila jibu, naenda na nyinyi Kiryandongo." Tukakubaliana hivyo.

KWENDA BUSIA

Kutoka Tororo hadi Busia ni kama kilometa thelathini na kitu. Ijumaa asubuhi mmoja wetu alipanda takisi pamoja na mizigo mingi. Mwingine alipanda pikipiki nyuma ya ndugu yetu, na kile kiroba cha maharage cha mama kikafungwa kwenye keria. Tulipita njia ya vijijini, maana barabara kuu ina malori na hatukutaka kujaribu bahati. Ni nchi ya mihogo, mtama na ulezi, vichuguu virefu kama nyumba, na watoto wanaosalimia kwa lugha tatu. Wateso wako huku na wako Kenya vilevile, na Wasamia hivyo hivyo. Mpaka uliwakuta tayari wako pale.

Mwendo wa ishirini, usukani unavuta huku na huku. Mwendo wa arobaini unatulia kidogo. Tukifika hamsini, mkia unaanza kucheza taratibu, halafu mikono ya dereva inaanza kutetemeka. Tulipunguza, tukasimama, tukapumzika. Tulifanya hivyo mara nne. Mara ya nne aliyekuwa nyuma alishuka, akasema atatembea kidogo.

Busia ni mji mmoja wenye nchi mbili. Kuna Busia ya Uganda na Busia ya Kenya, na ukiwa sokoni shilingi za pande zote mbili zinapokelewa. Mnajua neno bodaboda lilizaliwa hapa? Miaka ya 1960 kulikuwa na nafasi kati ya kituo cha forodha cha Uganda na kile cha Kenya, na watu wenye mizigo walichoka kuitembea kwa mguu. Vijana wenye baiskeli wakatia kiti cha sponji nyuma, wakawa wanaita abiria kwa Kiingereza chao cha mpakani, kwamba nakupeleka kutoka mpaka huu hadi mpaka ule: boda, boda! Baiskeli zikaja kuwa pikipiki, na jina likaenda Afrika Mashariki yote.

Siku hizi ofisi za mpakani za nchi zote mbili zinafanya kazi chini ya paa moja kila upande. Kituo hicho cha pamoja kilizinduliwa na marais wa nchi zote mbili mwezi wa pili 2018. Na bado utawaona wafanyabiashara wenye ulemavu na baiskeli zao za magurudumu matatu, wanazungusha kwa mikono, wamepakia unga na mafuta ya kupikia hadi huwaoni.

FUNDI ANAANZA NA KUULIZA

Fundi tulimkuta chini ya mwembe upande wa Uganda. Ana meza moja, kopo la grisi, na kijana wa kumsaidia. Alianza kazi kwa kutengeneza baiskeli za mpakani. Tukamsalimia, "Shikamoo mzee." Akajibu, akatupa benchi, na hakuigusa pikipiki kwa muda wa chai nzima. Aliuliza tu.

"Inatikisika ukiongeza mwendo au ukipunguza? Ukiwa peke yako au na mtu? Ukilegeza mikono au hata ukishika? Ukifunga breki? Inatikisika haraka haraka au inayumba polepole? Na nani alikuwa wa mwisho kuifungua, alifanya nini?"

Ndugu yetu akajibu yote. Mzee akasema jambo ambalo tuliliandika kwenye daftari:

"Kijana, hapo una magonjwa mawili au matatu, na moja umeletewa na fundi. Tutatoa moja moja. Tukitoa yote mara moja, ikipona hatutajua ni lipi lilikuwa linaua, na kesho likirudi tutaanza upya."

Kwanza alifungua kile kiroba cha maharage akakiweka chini. "Mzigo mzito ukikaa nyuma kabisa, juu ya keria, unalibeba gurudumu la mbele. Mbele kukiwa kwepesi kunacheza." Halafu akapima upepo. Tairi la nyuma lilikuwa na upepo pungufu sana, tena halikuwa na pancha, lilikuwa limesahauliwa tu. Akajaza. Pia alizungusha tairi jipya la mbele akitazama ule mstari mwembamba karibu na rimu, kama uko sawasawa pande zote. Ulikuwa sawa. "Tairi lilikaa vizuri. Ila hukulihitaji."

Pili, akaiweka kwenye stendi kubwa, kijana wake akakandamiza nyuma ili gurudumu la mbele linyanyuke. Akashika kijiti karibu na rimu, akalizungusha gurudumu taratibu. Kama rimu imepinda, inakikaribia kijiti na kukikimbia. Hii haikupinda. Akagonga spoki moja moja kwa spana. Iliyokaza inalia kama waya wa gitaa, iliyolegea inatoa sauti ya bati. Mbili zilikuwa zimelegea, akazikaza kidogo.

Tatu, akalishika gurudumu juu na chini akalitikisa, kutafuta kama beringi zake zimekwisha. Hazikuwa. Akashika miguu ya foki huku chini karibu na ekseli, akavuta na kusukuma. Hapa akatuita, akatuambia tuweke kidole pale shingo inapoingia kwenye fremu. "Kikiwepo kilegezo utakisikia kwa kidole kabla hujakiona kwa macho. Ukikisikia hapo, ni shingo. Usipokisikia hapo na foki inacheza, ndipo uanze kushuku foki." Hatukusikia kitu. Foki hazikuwa na tatizo, na hazikuvuja mafuta. Zile laki tatu zingeenda bure.

Nne, akausukuma usukani kwa kidole kimoja. Gurudumu likiwa hewani, usukani ulitakiwa uanguke wenyewe kushoto au kulia. Uliganda katikati kama mlango uliovimba kwa mvua.

"Huu ndio ugonjwa mlioletewa," akasema.

Alitueleza kwa mfano. Mmeona vile vigurudumu vya kitanda cha hospitali? Ukikisukuma kitanda, kigurudumu kinajigeuza chenyewe kufuata nyuma. Gurudumu la mbele la pikipiki nalo hivyo hivyo. Linagusa ardhi nyuma kidogo ya mstari wa shingo, kwa hiyo likigeuka kidogo linajinyoosha lenyewe. Shingo ikilegea, linajinyoosha na kupitiliza, linarudi na kupitiliza upande wa pili, na huko ndiko kutikisika haraka kulikomwangusha ndugu yetu siku ya mvua. Lakini shingo ikikazwa mno, haliwezi tena kujinyoosha. Inabidi dereva alinyooshe kwa mikono kila wakati, na ndiyo maana pikipiki inakwenda kama mlevi.

"Fundi wako hakukosea mahali," mzee akasema. "Alikosea kiasi."

Akafungua nati ya juu, akailegeza ile nati yenye meno iliyo chini yake, akausogeza usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho huku amefumba macho. Alikuwa anatafuta kama kuna mahali unakwama. Ndani ya shingo kuna gololi zinazotembea kwenye bakuli, kama kwenye baiskeli. Zikikazwa mno kwa muda mrefu zinachimba vishimo, na hapo lazima ubadilishe seti nzima. "Bahati yako," akasema, "bakuli bado." Akatia grisi, akaikaza nati mpaka kilegezo kikaisha, kisha akasimama hapo hapo. Akaugonga usukani kwa kidole. Ukaanguka wenyewe, taratibu, mpaka mwisho.

JE, IMEPONA?

Sisi tulishaanza kushangilia. Mzee akasema, "Kaendeshe. Peke yako, halafu na mwalimu mmoja. Usipite hamsini."

Ndugu yetu alirudi anatabasamu. Peke yake, iko sawa. Haivuti, haigongi. Akambeba mmoja wetu wakaenda tena. Waliporudi tabasamu limekwisha. Ikifika hamsini na abiria, mkia unaanza kuyumba polepole, na mikono inatetemeka.

Tulivunjika moyo. Mzee hakuvunjika. Akaigeuza pikipiki, akanyanyua gurudumu la nyuma, akashika ule mkono wa chuma unaobeba gurudumu la nyuma, karibu na mwisho wake, akausukuma pembeni. Ukacheza. Wote tuliuona ukicheza, kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Bushi zake, pale mkono unaposhikwa na fremu, zilikuwa zimekwisha kabisa. Tena alama za kurekebishia mnyororo, kushoto na kulia, hazikuwa sawa, kwa hiyo gurudumu la nyuma lilikuwa linaangalia upande.

"Mikono yenu iko mbele," akasema, "kwa hiyo kila kitu mnakisikia mbele. Nyuma hamna mikono. Ikiumwa nyuma, mtasema usukani."

Tuliona aibu kidogo. Fundi watatu, tairi jipya na miezi miwili, na hakuna aliyegusa nyuma.

KUSUBIRI MPAKANI

Bushi za aina hiyo hazikuwepo kwenye duka la jirani. Zilikuwepo upande wa Kenya. Kijana wa fundi akavuka kwenda kuzinunua. Ndugu yetu na sisi tukabaki tumekaa kwenye benchi.

Wasomaji, hapa tunataka kusema ukweli. Kutoka kwenye ule mwembe tuliona Kenya. Tuliona mabati yake, bendera yake, na matatu zimejipanga zinapakia watu wa Kisumu. Mtu angeweza kudhani tungevuka hata dakika tano, tununue hata chapati. Hatukuvuka. Mwenye kitambulisho cha mkimbizi anajua kwamba kurudi kwenye nchi uliyoikimbia si jambo la matembezi, linaweza kugusa hadhi yako na ya familia yako, na kabla ya hatua hiyo unauliza kwanza ofisi inayohusika. Kwa hiyo tulikaa. Mmoja wetu akasema, "Bushi zinavuka, sisi hatuvuki." Tukacheka, halafu tukaacha kucheka.

Ndugu yetu ndiye aliyevunja kimya. Akasema siku ile ya kuanguka hakulia kwa sababu ya goti. Alilia kwa sababu yule mama aliyeanguka naye aliinuka akamuuliza, "Mwanangu, umeumia?" Akasema, "Nilitaka anitukane."

Kijana akarudi baada ya saa nzima. Mzee akafungua gurudumu la nyuma, akazitoa bushi za zamani. Mpira wake ulikuwa umechanika hadi unavunjika kwa vidole. Akapiga mpya, akafunga, akalinganisha gurudumu kwa kamba ndefu iliyovutwa kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, kushoto halafu kulia. Akaikaza. "Kaendesheni."

Safari hii tulibadilishana wote wawili nyuma, mmoja baada ya mwingine. Arobaini. Hamsini. Hamsini na tano kidogo. Haikutikisika. Mara ya mwisho tulirudisha na kiroba cha maharage, ila mzee alikikataza keria. Kikawekwa katikati, kati ya dereva na abiria. Bado ikatulia.

Malipo ya bushi, kazi na grisi hayakufika hata sehemu ya tano ya zile laki tatu. Tulichanga nauli yetu ya akiba, tukalipa. Mzee akakataa pesa ya upepo. Maharage nusu tukamwachia mke wake.

TULIVYORUDI

Deni la wiki mbili halikuisha. Ndugu yetu alikwenda kwa wenye pikipiki Jumamosi asubuhi, kabla hawajaja wao, akaomba alipe nusu Jumatatu na nusu wiki inayofuata. Walikubali kwa shingo upande. Jioni hiyo alibeba abiria watano, mmoja mmoja, mwendo wa taratibu. Sisi tulikaa stendi tukimhesabu.

Tulipofika hapa tulimweleza mama kila kitu, hata kuanguka, kwa sababu ndugu yetu alituruhusu. Aliinamisha kichwa muda mrefu. Kisha akauliza maswali mawili. La kwanza, "Goti limepona?" Tukasema linapona. La pili, "Ng'ambo mliiona?" Tukasema tuliiona. Akasema, "Basi akae huko, aendeshe polepole." Mwezi huu alitumiwa pesa kidogo. Karo ya mtoto mmoja imelipwa, ya wa pili bado.

MAMBO TULIYOJIFUNZA

Kambini kwetu kila siku tunapanda bodaboda: kwenda Bweyale, kwenda kliniki, mama mjamzito usiku. Kwa hiyo tumewaandikia haya, yakateni mbandike ukutani.

1. Pikipiki ikianza kutikisa usukani ukiwa safarini, usikanyage breki ghafla na usipigane nayo. Shika imara bila kukakamaa, punguza mafuta taratibu, inama mbele kidogo, iache ipungue mwendo yenyewe. Abiria asogee karibu na dereva, asijinyonge pembeni.

2. Anza na vya bure: upepo wa tairi zote mbili, mzigo uko wapi, spoki zilizolegea, tairi lililolika upande.

3. Kugonga "ko, ko" mbele ukifunga breki au ukipita shimo ni dalili ya shingo kulegea. Usukani mgumu na kuyumba kwenye mwendo mdogo ni dalili ya shingo kukazwa mno, au bakuli kuchimbika.

4. Kuyumba polepole kwenye mwendo mkubwa, hasa ukiwa na abiria, angalia nyuma: bushi, beringi za gurudumu, alama za mnyororo.

5. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo ubadilishe kingine. Fundi akikwambia nunua, mwambie kwa heshima, "Nionyeshe kwanza kinapocheza." Fundi mzuri hatakasirika.

6. Wazazi, kijana akisema "ni sawa tu," muulizeni mara ya pili.

Na sisi tuliomshauri kwa kuangalia picha ya tenki, tumejirekebisha. Siku hizi mtu akija kutuonyesha pikipiki ya kununua, hatumwambii ni nzuri. Tunamwambia tuinyanyue gurudumu kwanza.

Kwaheri, hadi mwezi ujao. Shule inafunguliwa Jumatatu, wanafunzi wa darasa la tano msichelewe.